Maswali ya Wasomaji: Utafiti Umekwisha, Jarida Liko Wapi?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya wanafunzi wa masta kudaiwa makala iliyochapishwa, basi inboksi ikajaa. Nimechagua barua chache, zingine nimezifupisha sababu kuna mtu alituatachia tasnifu nzima, jameni, hatuwezi. Majina nimeyaacha nje kama mlivyoomba.

SWALI: Habari za kazi. Niko Mbarara, nimemaliza utafiti wa masta kuhusu ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe wa maziwa, nilizunguka kwa wafugaji wadogo wadogo nikachukua maziwa nikapeleka maabara kuona bakteria gani wapo na dawa gani bado zinawaua. Supavaiza ananiambia "tafuta jarida zuri upeleke", alafu anaishia hapo. Nikifungua Google naona majarida hayana mwisho. Na kila wiki napata imeili zinaniita Profesa Mheshimiwa, eti wameipenda sana kazi yangu watachapisha ndani ya siku 5. Nianzie wapi? — *Mwanafunzi, Mbarara*

JIBU: Ndugu yangu, imeili inayokuita profesa na joho la masta bado hujavaa, ifute kwanza ndo tuongee. Hao nitawarudia kwenye barua ya Gulu huko chini.

Watu wengi wanaanza na Google na hapo ndo wanapopotea. Wewe orodha unayo tayari kwa laptopu yako, ni yale marejeo ya tasnifu. Yafungue, angalia zile makala ulizozitumia kweli, siyo zile ulizozitaja kumfurahisha supavaiza, zile ulizokuwa unarudia kila ukikwama kwenye sura ya matokeo, uandike pembeni kila moja ilitoka jarida gani. Utaona majina yanaanza kujirudia. Jarida likitokea mara nne mara tano maana yake wasomaji wake wanaongea jambo lile lile unaloongea wewe, na mhariri wake hahitaji kuelezwa kwa nini mtu ahangaike na kiwele cha ng'ombe. Kwa kazi kama yako sitashangaa ukikuta Tropical Animal Health and Production, Preventive Veterinary Medicine, BMC Veterinary Research, Journal of Dairy Science, na labda ile Livestock Research for Rural Development inayotoka Colombia ambayo wafugaji wadogo ndo mada yake hasa.

Ukishapata majina matano sita, jiulize swali ambalo kusema kweli supavaiza ndo alitakiwa akuulize: nani akiisoma hii kazi atafanya kitu tofauti kesho yake? Kama ulichopata ni kwamba dawa fulani ya antibiotiki inayouzwa kila duka la mifugo haiui tena bakteria uliowakuta, hiyo inamhusu daktari wa mifugo wa Ankole, inamhusu wa Rwanda, inawahusu na watu wanaofuatilia usugu wa dawa dunia nzima, kwa hiyo unaweza kulenga juu kidogo. Lakini kama ulichopata ni kwamba ugonjwa uko asilimia kadhaa kwa wilaya mbili, hiyo ni kazi halali kabisa ila mhariri wa Journal of Dairy Science atauliza inaongeza nini kwa mtu aliyeko Wisconsin, na hutakuwa na jibu. Saa zingine swali hilo ni dharau tu ya watu wa nje, sikatai, lakini mara nyingi ni swali la haki. Jarida la kanda ambalo linasomwa na watu wenye ng'ombe kama wa kwenu litakufaa zaidi kuliko jarida kubwa ambalo wataipitia bila kuiona.

Alafu usiamini ule ukurasa wa malengo ya jarida peke yake. Unaandikwa kwa maneno mapana kiasi kwamba kila kitu kinaingia. Usome, sawa, lakini ukimaliza fungua vichwa vya makala vya miaka 2 iliyopita uvipitie vyote. Kuna kazi yoyote kutoka Afrika Mashariki? Wenzako wamepima ng'ombe wangapi? Kama kila makala ni ya vinasaba na wewe ulitumia sahani za maabara na vidonge vya dawa, hapo siyo kwako hata kama ukurasa unasema "afya yote ya mifugo". Angalia pia aina za makala wanazopokea. Majarida mengi yana nafasi ya makala fupi, kitu cha maneno kama 2,000 hivi na majedwali mawili, na nadhani kazi nyingi za masta zingekaa vizuri pale kuliko kuvutwa vutwa mpaka ziwe makala ndefu isiyo na nyama.

Kuna vifaa vya kusaidia. Kimoja kinaitwa JANE, kilitengenezwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2007, ni bure, unabandika ikisiri yako, yaani muhtasari wa kazi, na yenyewe inalinganisha maneno yako na makala zilizoko PubMed, ile hifadhi ya mtandaoni ya makala za afya, inakuletea majarida yanayofanana. Wachapishaji Elsevier na Springer nao wana vya kwao, tatizo muuza duka hakuelekezi duka la jirani, kila mmoja anakuonyesha majarida ya kampuni yake tu. Tumia vyote lakini kama nyongeza. Mashine inalinganisha maneno, haijui kazi yako ina uzito gani.

Kama huwezi kufungua makala sababu wanataka kadi ya benki, usilipe. Uganda iko kundi A la Research4Life, mpango wa kufungulia nchi maskini majarida, maana yake taasisi yetu ikishajisajili inasoma bure maelfu ya majarida, ya afya kupitia Hinari iliyoanza 2002 na ya kilimo na mifugo kupitia AGORA iliyoanza 2003. Nenda laibrari uombe pasiwadi. Watu wa laibrari wanajua mambo haya kuliko wahadhiri wengi lakini hakuna anayewauliza.

Mwisho chagua matatu uyapange: la kwanza, la pili, la tatu. Unapeleka la kwanza peke yake. Wakikataa ndo unaenda la pili. Kupeleka mawili kwa wakati mmoja ni kosa kubwa kwenye dunia hii, usijaribu hata kama mtu anakuambia ndo njia ya haraka. Na uchague KABLA ya kuandika makala, siyo baada, sababu kila jarida lina urefu wake, mtindo wake wa marejeo, lingine linataka ikisiri yenye vichwa vidogo lingine halitaki. Mtu anayekata tasnifu kuwa makala bila kujua inaenda wapi anaikata mara mbili. Na kabla hujabonyeza kutuma, kaeni na supavaiza mkubaliane majina ya waandishi na mpangilio wake, kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp. Ugomvi wa majina ukija baada ya makala kukubaliwa ni mchungu sana.

SWALI: Mimi ni klinikal ofisa hapa Arua. Na wenzangu wawili tulikusanya data za watoto waliolazwa na malaria kali, tukaandika. Jarida tulilolitaka wanasema ada ya kuchapisha ni zaidi ya dola 2,000, kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 7. Hiyo nitaitoa wapi? Ina maana sayansi ni ya matajiri tu? Kuna na rafiki yetu aliyeko Uingereza alitusaidia takwimu, anasema yeye ndo awe mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida, sababu Kiingereza chake ni kizuri. — *Klinikal ofisa, Arua*

JIBU: Pole, lakini usikate tamaa, hapa kuna habari nzuri ambayo watu wetu wengi hawaijui.

Majarida yana njia tofauti za kupata hela. Kuna yale ya zamani ambayo msomaji au laibrari ndo analipa, wewe mwandishi hulipi chochote, ila makala inafungiwa. Kuna ya wazi kabisa, kila mtu anasoma bure na mwandishi ndo anabeba gharama, hapo ndo unakutana na hizo dola 2,000. Kuna ya mchanganyiko, unaambiwa chagua, na hapa watu wanaingia mtegoni, wanaona bei kubwa wanakimbia, kumbe ukichagua njia ya kawaida ya kufungiwa hulipi hata senti. Alafu kuna yale ambayo mwandishi halipi na msomaji halipi, chuo au chama cha wataalamu ndo kinabeba. Hayo unayapata DOAJ, ile saraka ya majarida ya wazi iliyoanzia Lund huko Sweden mwaka 2003, leo ina majarida zaidi ya 20,000 na unaweza kuiambia ikuonyeshe yasiyotoza ada peke yake.

Sasa msamaha wa ada. Benki ya Dunia bado inaiweka Uganda kwenye nchi za kipato cha chini, na wachapishaji wakubwa wa majarida ya wazi, BMC na PLOS wakiwemo, wana utaratibu wa kusamehe ada nchi kama zetu. Kwa malaria fikiria Malaria Journal, iko chini ya BMC, ilianza 2002, wasomaji wake ndo wale wale unaowataka. Ila sikiliza vizuri: msamaha unaombwa WAKATI wa kutuma makala, kuna sehemu kwenye fomu. Usisubiri wakukubali ndo uanze kulia huna hela, wengine wanakuambia muda umepita. Na msamaha kwa kawaida ni kwa majarida ya wazi kabisa, siyo ya mchanganyiko.

Ndo maana suala la rafiki yenu wa Uingereza siyo dogo kama mnavyodhani. Mchapishaji mmoja anaangalia mwandishi wa mawasiliano yuko nchi gani, mwingine anaangalia waandishi wote. Mkimweka yeye mbele, mfumo unasoma Uingereza, unatoa bili ya Uingereza. Kiingereza kizuri anaweza kuwasaidia nacho bila kubeba hiyo nafasi. Tena kazi ni yenu, wagonjwa mliwahudumia nyinyi, mtu wa Kampala au Nairobi akitaka kuuliza kitu aiandikie Arua. Jina lake likae kwenye orodha kama alifanya kazi ya kweli ya takwimu na akasoma akaidhinisha makala, hilo ni haki yake.

Angalieni na African Health Sciences ya Makerere, inatoka tangu 2001, iko wazi na makala zake zinaonekana PubMed. Ukipeleka pale daktari wa Lira na wa Kisumu wataiona. Masharti yao ya ada someni kwa tovuti yao wenyewe siyo kwa kuambiwa.

Jambo moja ambalo hukuligusia linanitia wasiwasi kidogo. Data za watoto waliolazwa, mlipata kibali cha kamati ya maadili? Mhariri yeyote wa maana atawauliza jina la kamati na namba ya kibali, na utafiti kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kama kibali hakipo msikimbilie jarida lisilouliza. Nendeni kwa kamati iliyo karibu muulize kama data za mafaili ya zamani zinaweza kupata kibali sasa, muwe waaminifu kuwaeleza ukweli kwamba mlishakusanya.

SWALI: Mwalimu, niko chuo kimoja hapa Mbale. Kamati ya kupandisha vyeo inasema inataka "majarida yanayotambulika". Mwingine anasema lazima Scopus, mwingine lazima Q1, mwingine lazima impakti fakta. Nimepata jarida moja wameandika kwa tovuti impakti fakta yao ni 7.8 na wanachapisha kila fani kuanzia uhandisi hadi dini. Niende? — *Mhadhiri, Mbale*

JIBU: Usiende. Uhandisi na dini kwa jarida moja na impakti fakta 7.8, hapana mwalimu wangu.

Impakti fakta ya kweli inatolewa na kampuni ya Clarivate peke yake, kwenye ripoti yao ya kila mwaka. Hesabu yenyewe siyo ngumu: wanachukua mara ambazo makala za jarida za miaka 2 iliyopita zimetajwa mwaka huu, wanagawa kwa idadi ya makala za hiyo miaka 2. Basi. Ni wastani wa jarida, haisemi chochote kuhusu makala yako wewe, na mtu wa hisabati hawezi kulinganishwa na mtu wa saratani sababu wanahisabati wanatajana polepole na wako wachache. Huko mtaani wamezuka watu wanaouza impakti fakta zao za bandia zenye majina makubwa makubwa, neno "global" au "universal" likiwa mbele ya hiyo impakti fakta ujue hapo kuna biashara.

Scopus ni hifadhidata ya majarida ya Elsevier, ipo tangu 2004, na orodha ya majarida yake unaiangalia bure. Q1 hadi Q4 ni kupanga majarida ya fani moja kwenye mafungu manne, Q1 ndo la juu, tovuti ya Scimago inaonyesha bure pia. Web of Science, hifadhidata ya Clarivate, nao wana orodha yao ya bure. Kwa hiyo usiulize jarida lenyewe kama liko Scopus, lenyewe litasema ndiyo. Ingia kwa Scopus utafute kwa namba ya ISSN, na usiangalie tu kama jina lipo, angalia limeingizwa hadi mwaka gani, sababu kuna majarida yaliyotolewa na bado yanatangaza kwa tovuti kwamba yamo. Na ISSN yenyewe siyo cheti cha ubora, ni kama namba ya usajili, tapeli naye anaipata. DOI, ile namba ya makala mtandaoni, hivyo hivyo. Kuonekana Google Scholar pia siyo sifa, ile ni mashine inaokota kila kitu.

Kwa majarida yetu ya Afrika kuna tovuti ya AJOL iliyoko Afrika Kusini, ina zaidi ya majarida 500, na wana utaratibu wa nyota, wameangalia jarida linavyoendeshwa wakalipatia nyota moja, mbili au tatu, mengine hayana. Ukitaka African Crop Science Journal au mengine ya kwetu utayakuta humo. Mimi binafsi naona kamati nyingi zinafanya makosa kudharau haya na kusujudia Q1, sababu utafiti wa mihogo ya Teso ukichapishwa mahali ambapo ofisa kilimo wa Kumi hawezi kufungua sijui tumemfanyia nani. Lakini cheo ni chako siyo changu. Iandikie kamati waseme kwa maandishi wanatambua orodha ipi, uweke nakala. Maneno ya korido hayapandishi mtu.

SWALI: Nimelia sana. Nilijibu imeili ya jarida moja, nikatuma makala, siku 4 tu wakasema imekubaliwa bila kubadilisha hata nukta. Sasa wanataka dola 150, nikasema sina, wakashusha hadi 80. Nimeuliza watu wakaniambia hao ni matapeli. Nikasema naitoa, wakanijibu kutoa makala ni dola 200!! Nifanye nini? — *Mama wa wawili na PhD, Gulu*

JIBU: Pole sana dada. Usitume hela, hata hizo 80. Jarida linalopunguza bei kama sokoni limeshajieleza lenyewe.

Na usijione mjinga. Mwaka 2013 mwandishi wa habari wa jarida la Science, John Bohannon, aliandika makala ya uongo mtupu kuhusu dawa ya saratani inayotoka kwa kuvu wa miamba, akaijaza makosa ambayo mhakiki yeyote makini, yaani mtaalamu anayesoma makala kabla haijachapishwa, angeyaona, akaituma kwa majarida ya wazi 304 akitumia majina ya watu na vyuo vya Afrika ambavyo havipo. Majarida 157 yakaikubali, 98 tu ndo yakaikataa. Mengine yalikuwa ya wachapishaji wenye majina makubwa. Kwa hiyo tatizo ni kubwa kuliko wewe, na mimi hadi leo sijapenda kwamba alijificha nyuma ya majina ya Kiafrika, lakini alichokionyesha ni kweli.

Sasa fanya hivi. Andika imeili moja fupi, ya heshima, useme unaondoa makala, hujasaini kuwapa haki za kuchapisha, huwaruhusu kuichapisha. Kama uliwahi kusaini fomu yoyote niandikie tena maana hapo mambo yanabadilika. Piga picha za skrini za kila walichokutumia, uhifadhi. Ada ya kuondoa makala usilipe, mhakiki hakuna aliyeisoma, huduma hawajatoa. Mwambie supavaiza leo, usisubiri agundue mwenyewe. Alafu subiri uone kama wataiweka kwa tovuti yao. Kama hawajaiweka, peleka kwa jarida la kweli na umweleze mhariri kwa sentensi mbili yaliyotokea, wahariri wanazijua hizi hadithi. Kama wameiweka kwa nguvu, usiipeleke kimya kimya mahali pengine, programu ya kukagua wizi wa maandishi itaikuta na wewe ndo utaonekana mwizi wa kazi yako mwenyewe. Hapo unamwandikia mhariri mpya kwanza, unaambatanisha ile imeili ya kuondoa.

Kwa wengine mnaosoma: kuna tovuti inaitwa Think. Check. Submit. iko tangu 2015, ina maswali ya kujiuliza kabla ya kutuma, ni bure. Bodi ya wahariri ichunguzeni, chagua majina mawili uyatafute kwa tovuti za vyuo vyao, ikibidi uwaandikie kama kweli wao ni wahariri, wengine hawajui hata kama majina yao yamewekwa. Fungua makala tatu za zamani usome, kama Kiingereza kimevunjika na majedwali hayaeleweki hakuna aliyehakiki. Na siku hizi wanaiga majarida halisi, tovuti nzima inakopiwa na ISSN ya kweli, hela ndo inaenda kwingine, kwa hiyo ingia kwa jarida kupitia DOAJ au AJOL au Scopus, usibonyeze linki iliyokuja kwa imeili. Ile orodha ya majarida yanayoshukiwa kuwa ya kitapeli ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, ambayo watu bado wanatumiana kwa WhatsApp, mwenyewe aliiondoa mtandaoni Januari 2017, zinazozunguka ni nakala na zimeongezwa na watu wengine. Inaweza kukuamsha lakini usiitumie kama hukumu.

Hongera kwa PhD na watoto wawili, sijui unalala saa ngapi.

SWALI: Shikamoo. Nasoma Kiswahili, nyumbani ni Bombo. Utafiti wangu ni jinsi Wanubi wanavyochanganya Kinubi na Kiswahili wakiongea. Kila mtu ananiambia niandike kwa Kiingereza ndo nitasomwa. Hakuna jarida linalopokea Kiswahili? — *Binti wa Bombo*

JIBU: Marahaba binti. Yapo. Dar es Salaam kuna majarida mawili, Kiswahili na Mulika, yote yako chini ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu. Ujerumani kuna Swahili Forum, iko mtandaoni, inasomwa bure, na inapokea makala za Kiswahili. Kwa mada yako wasomaji wako huko, siyo kwa jarida la isimu la Marekani ambalo hawajui Bombo iko upande gani. Ukitaka na wataalamu wa lugha zinazochanganyika wakuone, andika makala ya pili kwa Kiingereza baadaye, yenye swali tofauti kutoka data hiyo hiyo. Nasema swali tofauti, siyo makala ile ile iliyotafsiriwa bila kusema.

SWALI: Nimetuma makala Jumatatu, Jumatano wamekataa. Siku mbili! Hawakuisoma hata. Nifungue kesi? — *Mwenye hasira, Soroti*

JIBU: Kesi ya nini ssebo. Hapo mhariri mwenyewe ameangalia ikisiri akaona haimfai, hakuwapelekea wahakiki. Wamekuokolea miezi, maana wengine wanakaa nayo nusu mwaka ndo waseme neno lile lile. Soma tena barua yao, kama wameandika "nje ya mada yetu" ujue uliruka hatua ya kupitia vichwa vya makala zao niliyomweleza mwenzako wa Mbarara. Kama wamesema kitu kuhusu sampuli au takwimu, rekebisha kwanza. Alafu badilisha marejeo yafuate mtindo wa jarida la pili, programu ya Zotero inafanya hiyo kwa dakika chache na ni ya bure, badilisha na jina la mhariri kwenye barua ya mwanzo tafadhali, wahariri wanapokea sana barua zilizoandikiwa mwenzao, tuma wiki hii.